Nguzo ya Mimbari

Dama tulimzika Jumamosi, na tangu nirudi kwangu sijapata usingizi wa maana. Wajukuu wananiambia ni uchovu wa safari, bibi pumzika, bibi kunywa maji. Uchovu naujua mimi, na huu si uchovu. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakipakuliwa chakula chini ya mahema, niliingia kanisani kukwepa jua. Msichana mmoja mwenye fulana ya kwaya akanikimbilia: "Shikamoo bibi, karibu mgeni, kaa hapa mbele." Mgeni! Mimi niliyelivisha kanisa lile mwaka mzima, nikijua kila ufa wake! Nikakaa, nitafanyaje. Sakafu sasa ni vigae vyeupe vya kuteleza, viti ni vya plastiki, spika mbili zimesimama huku na huku ndefu kama milango, na mimbari ni ya kioo, mhubiri anaonekana mpaka viatu. Pale ilipokuwa mimbari ya zamani wamepanga vyungu vya maua. Nilipoinuka kutoka, nikajikuta napazunguka pale mahali, sipakanyagi. Yule msichana akadhani miguu inanisumbua, akanishika mkono.

Nilikotoka na aliyenileta tuyaache. Nilikuwa msichana wa Kitaita, nina cherehani na ulimi mrefu, na kanisa lile la huko ndani, kupita Kakuyuni, lilitaka mtu wa kushona na kutunza vitambaa vyake. Nilifika wakati wa Kwaresima. Lilikuwa kanisa dogo, jembamba, kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyopandishwa kutoka Malindi, boriti za mikoko juu, na mabati yaliyolia kila jua lilipoyapata. Ukiingia, kulia kwako ni birika la ubatizo la jiwe, zito, ukingo umelika upande mmoja kwa mikono ya watu. Kushoto, ubao wenye majina ya makasisi, ya kwanza ya Kizungu yamefifia, ya mwisho rangi mbichi. Mabenchi ya mvule bila migongo, wanaume huku, wanawake kule. Kinanda cha kukanyaga kilicholiwa na mchwa, nusu ya vidude vyake vimenyamaza. Kengele yenye ufa, sauti kama mtu anagonga sufuria. Na mbele, kando ya madhabahu, mimbari. Hiyo ilikuwa ya mbao, imefungwa pande zote kama sanduku, ina ngazi nyuma, na mbele yake imesimama nguzo moja iliyobeba meza ya Biblia. Nguzo ile haikuwa ya Kikristo, na kila mtu alijua.

Niseme mapema ilikuwa nini, maana vijana wa siku hizi ukiwauliza wanakuangalia tu. Kwa Wagiriama, mzee wa heshima akifa, huchongewa baadaye nguzo ya mti mgumu, bapa, yenye kichwa cha duara na mwili uliochorwa pembetatu ndogondogo kutoka shingoni hadi kiunoni. Huitwa kigango. Haiabudiwi. Ni yeye mzee mwenyewe, amepewa pa kukaa. Na kikishasimikwa hakitolewi. Watu wakihama wanakiacha hapohapo, kizeeke na mvua na jua. Basi kila sikukuu ya kanisa Mzee Karisa, mkubwa wa wazee wa kanisa, alisimama na kusimulia historia kwa maneno yaleyale: wamisionari walifika wakakuta msitu mtupu, Wakristo wa kwanza wakazileta nguzo za wazee wao kwa hiari zikachomwa, ikaachwa moja tu ibebe Neno la Mungu, iwe ushahidi kwamba giza limeshindwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Nilikaa kwa Hawe Nyevu. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na mtaa mzima ulimwita hivyo, mpaka Kasisi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, hatua chache tu kutoka kanisani, vyumba vitatu vyenye giza zuri la ubaridi: chake, changu na cherehani, na cha Dama, mke wa mwanawe. Mwanawe alifanya kazi hoteli Malindi, akija akipewa ruhusa. Dama alikuwa rika langu, mcheshi, mwenye mdomo kunishinda, na hiyo si kazi ndogo. Hazikupita siku nyingi akawa mjamzito. Watoto wawili walikuwa wamemfia, mmoja tumboni na mmoja akiwa na siku chache tu, na nyumba nzima ilitembea juu ya tumbo lile la tatu kama watu wanaobeba mtungi uliojaa pomoni. Tulikula pamoja ukumbini, mkekani: sima, mchicha au mtsunga, mboga chungu ile iliyonishinda mwanzoni mpaka Dama akanicheka kila siku, na samaki mkavu akipita yule mama muuzaji kutoka Sabaki. Hawe alimchambulia Dama minofu, akamwekea upande wake wa sinia, akajifanya yeye anapenda vichwa. "Kula, mwanangu. Mimi kichwa ndio utamu wangu." Dama alijua ni uongo, nami nilijua, na tulikula.

Kazi yangu ilikuwa ya mchana, kanisa likiwa tupu. Nilibadilisha vitambaa kufuata majira: zambarau ya Kwaresima, nyeupe ya Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, kisha kijani miezi na miezi. Kimoja kilining'inia mbele ya mimbari, kutoka chini ya Biblia, kikiifunika ile nguzo. Kukifunga ilibidi nimkumbatie mzee wa watu, nipitishe kamba nyuma ya shingo yake. Mti ulikuwa wa baridi hata wakati wa joto la kukausha mate. Vidole vyangu vilizoea zile pembetatu, na kusema kweli nilizoea kumsalimu pia, kwa mzaha tu: shikamoo babu, leo nimekuletea kijani. Halafu kile kitambaa kikaanza kuanguka. Nakifunga Ijumaa, Jumapili asubuhi naingia nakikuta sakafuni. Nikabadilisha kamba. Nikapiga misumari midogo. Kikaanguka na misumari yake. Mara moja nilikikuta kimekunjwa vizuri, kimewekwa benchi la mbele upande wa wanaume, na ufunguo wa kanisa ulikuwa kiunoni mwangu. Mimi si mtu wa kuona mashetani. Nasema mpaka leo kwamba ni mtu aliyekikunja, ila mtu huyo simjui, na tangu siku ile niliacha mzaha wa shikamoo.

Nilimwambia Dama, tukacheka, tukaogopa, tukacheka tena. Hawe alikuwa anapepeta mchele uani akatusikia. Akauweka uteo chini. "Shingo inamuuma," alisema. Akaja akakaa mlangoni, akatueleza taratibu, macho yake kwenye tumbo la Dama: ile nguzo ni babu yake, baba wa baba yake. Kaka zake wote walikwisha kufa, amebaki yeye, na sasa babu anamjia yeye ndotoni. Amesimama na mzigo kichwani. Hawezi kuinama wala kugeuka. Anasema, Nyevu, mmenifungia chumbani na watu wananipigia kelele juu ya kichwa. "Mtoto wa kwanza alipokufa, nilikuwa nimeota hivyo. Wa pili pia. Na sasa nimeanza tena." Dama akasema, "Mama, usiseme hivyo," akaenda chumbani kwake, na jioni hakula. Hawe akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikaumia. "Walimng'oa kwake wakamleta humo. Nataka arudi nyumbani kabla mtoto huyu hajazaliwa. Wewe unasikilizwa na Kasisi. Nisaidie."

Nilimsaidia. Kasisi alikuwa mtu wa bara kama mimi, bado kijana, mpole, mwenye hamu ya kupendwa na watu wa pale, na aliponisikiliza macho yalimlengalenga. Akaita wazee. Kikao kilikaa kanisani, nami nikawa katika vestri, chumba cha mavazi ya kasisi, nimeshika sindano bila kushona, na ukuta ule ulikuwa mbao tu. Nilisikia kila kitu. Mzee Karisa alisema, "Baba, ile ni mali ya kanisa. Ni ushahidi wetu." Mwingine akasema ni mti tu, ukitolewa utatiwa mwingine wa mkangazi, tena ulionyooka. Mwingine akauliza, na mwaka ujao ikija familia nyingine kudai birika? Wakacheka. Kisha Kasisi akasema kwa sauti ya chini sana, "Wazee wangu, kama kaburi la babu yangu lingekuwa limebebeshwa meza ya watu, ningelala? Mpeni bibi mtu wake." Nikasikia Mzee Karisa akipuliza pua. "Basi na arudi kwao," alisema. Nilikimbia uwanjani bila viatu kumpa Hawe habari. Alipiga kigelegele kimoja, akakaa chini palepale mchangani kwa furaha. Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtu aliyetenda jambo kubwa.

Siku ya kumtoa ilikuwa baada ya mvua, ardhi bado laini. Hawe alivaa leso mpya, akakaa benchi la mbele na Dama kando yake. Vijana wa ukoo wake walikuja na sururu na kamba. Kasisi alikunja mikono ya shati, akaibeba Biblia mwenyewe akaiweka madhabahuni. Wakaivunja meza, wakachimba mbele ya nguzo, na kuchimba kukawa kuchimba kweli. Nguzo ilienda chini, chini, nusu yake ilikuwa ardhini. Kijana mmoja akasema kwa mshangao kwamba hawa wazee wa zamani walijua kusimika. Wakaikaza kamba, wakavuta, na ilipoachia ilitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Hawe aliimba wakati wote huo. Wakamlaza mzee juu ya mkeka mpya, tukapumua. Kilichobaki ni lile sanduku la mimbari limening'inia, linaweza kumwangukia mtu, basi Mzee Karisa akasema libomolewe lote. Wakang'oa mbao za pembeni, na mwanga wa dirisha ukaingia chini ya mimbari kwa mara ya kwanza tangu ijengwe.

Mle ndani hapakuwa na sakafu. Saruji ya kanisa ilikuja ikakomea kwenye mbao, na ndani ulikuwa udongo mtupu, mkavu, uliofagiliwa zamani ukabaki hivyo. Na kwenye udongo ule zilisimama nguzo nyingine mbili, fupi, za kufika gotini, kila moja ina uzi wa kitambaa uliobaki shingoni. Hizo ni koma, nguzo za watu wa nyumba ile wasiokuwa wakubwa, mke, ndugu. Zilisimama nyuma ya shimo la babu, zimempanga kama wanavyokaa watu wa nyumba moja. Kati yao kifuu cha nazi kimefukiwa mpaka mdomoni, kile cha kumiminia wazee tembo la mnazi. Mtu aliyeleta nguzo moja iwe ushahidi haleti na kifuu chake. Msitu mtupu! Kumbe ule ulikuwa uwanja wa mtu. Kanisa ndilo lililomwendea mzee, na fundi aliyelijenga hakuthubutu kumwondoa, akamjengea mimbari kumzunguka, akafunga mbao, akanyamaza.

Na fundi alikuwa nani? Alikuwa Yohana, Mkristo wa kwanza wa pale, baba yake Hawe. Hawe aliinuka. Alikwenda akasimama ukingoni mwa lile shimo, akaangalia zile koma, akaangalia kifuu. "Hakuletwa," alisema. Akamgeukia Kasisi kama mtoto anayeuliza. "Baba, hakuletwa. Alikuwa kwake." Kisha akaanza kuongea haraka, akimwambia mtu nisiyemwona, kwamba baba yake kila Jumapili kabla ya kusoma aliweka kiganja chini ya Biblia akaiinua kidogo, akasoma vivyo hivyo mkono ukitetemeka mpaka mwisho wa somo, na watu wakisema ni heshima kwa Neno. "Alikuwa anampunguzia. Alikuwa anampunguzia baba yake mzigo, nami nimekuja kumng'oa." Kasisi alikuwa amekuwa mweupe midomo. Akasema tumrudishe, Bibi, sasa hivi, shimo hili hapa. Hawe akatikisa kichwa. "Mtu akishatolewa kwake ametolewa. Pakishavunjwa si kwake tena." Dama akaanza kulia kwa sauti, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hata Mzee Karisa alivua kofia, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Wakamsimika uani kwa Hawe kama ilivyopangwa, maana huwezi kumwacha mzee amelala chini. Hawe alihama chumba chake wiki ileile. Walimjengea kibanda cha makuti karibu na nguzo, mbali na nyumba, akalala huko, akala huko. Sinia ya ukumbini tukabaki wawili, na samaki wote alikuwa wetu, minofu na vichwa. Nilimwendea mara nyingi, nikamwambia Hawe, umekosa nini? Ulitaka mema, na kila mtu aliamini lile lile. Nilipandwa na hasira hata nikamfokea, mimi mtoto mdogo: unamtesa Dama bure! Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nililitaka kwa mdomo wangu," alisema. "Babu akiamka akatafuta aliyemtoa, anikute mimi. Asimkute mtu mikononi mwangu. Nikimshika yule mtoto, babu atamwona." Nikasema mambo hayo hayapo. "Labda hayapo," akajibu. "Wewe una uhakika wa kumweka rehani mtoto wa Dama?"

Mtoto alizaliwa karibu na Krismasi, msichana, analia kama kengele nzima. Siku zile ambazo yule aliyemtangulia alikufa zilipita, akaendelea kulia na kunyonya. Desturi ilitaka aitwe Nyevu, jina la bibi yake mzaa baba. Hawe alituma neno: asipewe jina langu. Akaitwa Neema. Dama aliumia vibaya, na maumivu yake yalitafuta pa kutokea yakawa chuki. Alipopeleka mtoto kibandani, Hawe aliingia ndani akafunga mlango, na Dama akabaki jua linampiga, mtoto mkononi, akibisha. Sikuweza kutazama. Siku ya ubatizo nilimshona mtoto kanzu kutoka kile kitambaa cheupe cha mimbari, ambacho sasa hakikuwa na mahali pa kuning'inia. Kasisi alipoinamisha kichwa cha mtoto birikani, niliona dirishani kichwa cha Hawe, nje, amejinyoosha kwa vidole vya miguu. Mtoto alipolia maji yalipompata, kile kichwa kikazama. Dama hakuona, alikuwa amelipa dirisha mgongo.

Niliondoka Kwaresima iliyofuata. Hawe alifariki baadaye, nikasikia tu. Dama nilionana naye mara chache katika maisha, na hatukuwahi kutaja mambo hayo. Basi Jumamosi, nilipotoka kanisani, Neema mwenyewe alikuja akakaa kiti cha jirani yangu chini ya hema. Ni mama mtu mzima sasa, mwalimu, nywele zimeanza kuwa na mvi. Uso ni wa Dama, ila mikono ni ya Hawe kabisa. Alikuwa amepokea watu tangu asubuhi, jicho kavu, akigawa maagizo ya maji na sahani. Akaniambia, "Bibi Wakesho, mama amekufa na kinyongo chake. Wewe ulikuwepo. Hawe alinichukia kwa nini? Watu wanasema hakunibeba hata siku moja."

Nilikuwa nimefunga mdomo miaka yote hiyo kwa sababu Hawe aliniapisha: Dama akijua sababu atamleta mtoto kwa nguvu. Sasa Dama hayupo. Nikamwambia yote niliyoandika hapa, na kisha lile ambalo hakulijua mtu. Kwamba kabla sijaondoka, Hawe aliniita mlangoni pa kibanda akaniomba nimletee leso ya mtoto, ile aliyolalia, isiyofuliwa. Nikaichukua Dama akiwa kisimani. Hawe aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka usoni, akavuta pumzi ndefu, akakaa hivyo hivyo, mabega yanamtetemeka, mpaka nikaogopa. Halafu akanirudishia haraka. "Rudisha, mtoto asije akaamka akasikia baridi."

"Hakusema kitu kingine?" Neema aliuliza.

"Alisema. Alisema, 'Mzima. Wakesho, huyu ni mzima kabisa.' Akacheka. Tangu siku ya mimbari sikuwa nimemsikia akicheka."

Mtu alikuja kumuuliza Neema kama maji yaongezwe, akampungia mkono aende. Alishika ncha ya leso aliyojitanda, akajifunika nayo uso wote, na hapo ndipo alipolia.